Huangqi ni ya kabla ya mafua, si ya wakati wa mafua

Msimu wa mafua ukikaribia, maduka ya dawa za Kichina kutoka Guangzhou hadi Kariakoo husogeza mbele pakiti za mitishamba, ukiwemo mzizi wa huangqi, zenye ahadi ileile: huongeza kinga ya mwili. Ahadi hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza daktari yeyote wa hospitali ataitaja. Kinga haina kipimo kimoja ambacho kikipanda tu mtu anakuwa salama zaidi. Homa, kuumwa viungo na kamasi ni kazi ya kinga hiyohiyo, na baadhi ya wagonjwa wa homa ya mafua wanaoishia kwenye mashine ya kupumulia huwa wameumizwa na kinga iliyopitiliza pamoja na virusi vyenyewe. Kasoro ya pili haisemwi sana, ingawa kwangu ndiyo kubwa: ahadi hiyo inapingana na tiba ya Kichina yenyewe. Tiba hiyo haina dawa moja ya mafua inayofaa siku zote. Ina dawa ya wiki kadhaa kabla ya msimu, dawa ya saa za kwanza za ugonjwa, dawa ya siku homa inapopanda na koo kuwaka, na masharti ya siku za kupona. Dawa ya hatua moja ikinywewa katika hatua nyingine, matabibu wake wenyewe huhesabu kuwa ni kosa la tiba.

Muuzaji ana sababu ya kulinyamazia hilo. Pakiti inayosema "acha mara tu ukihisi baridi ya kwanza, usianze tena mpaka homa iishe" ni ngumu kuuza kuliko pakiti inayosema "nywa kila siku".

Dawa ya kabla ya msimu inayotajwa kuliko zote ni yupingfeng san, unga wa vitu vitatu: mzizi wa huangqi, tunguu la baizhu na mzizi wa fangfeng. Umetufikia kupitia maandishi ya wanafunzi wa Zhu Danxi, tabibu wa karne ya 14, enzi ya Yuan. Chembechembe za viwandani zinazofuata orodha rasmi ya dawa ya China hutumia uwiano wa 3 kwa 1 kwa 1, yaani huangqi gramu 600 kwa baizhu iliyokaangwa gramu 200 na fangfeng gramu 200. Anayechemsha nyumbani kwa kawaida huandikiwa huangqi gramu 15, baizhu gramu 10 na fangfeng gramu 5 au 6 kwa siku.

Kila kimoja kina kazi, na kazi hizo ndizo zinazoeleza kwa nini wakati una uzito. Huangqi hukaza ngozi na kuzuia jasho la ovyo. Baizhu huimarisha tumbo, kwa kuwa katika nadharia hii nguvu ya kujilinda hutokana na chakula kilichosagwa vizuri. Fangfeng huelekea nje, husukuma kinachotaka kuingia, na huzuia huangqi isifunge kupita kiasi. Kwa hiyo wanaotia huangqi peke yake kwenye supu ya kuku, gramu 30 kwa sufuria, mara nne kwa wiki, wamechukua sehemu inayofunga na kuiacha sehemu inayofungua. Supu ni tamu, na kwa mtu mzima wa afya haina neno. Lakini isiitwe yupingfeng.

Namna ya kuchemsha ni rahisi, ila watu huiharibu kwa haraka. Loweka mizizi kwenye maji baridi nusu saa, maji yapande juu ya dawa kama sentimita mbili au tatu. Tumia chungu, sufuria ya enameli au stenlesi. Usitumie chuma kitupu, shaba wala alumini, maana baadhi ya kemikali za mimea hushikana na madini hayo. Moto mkali mpaka ichemke, kisha moto mdogo dakika 40. Mimina, ongeza maji, chemsha tena dakika 25, changanya maji ya mara zote mbili, gawa vikombe viwili, kunywa asubuhi na jioni baada ya chakula. Ukimwaga maji ya moto juu ya mizizi migumu namna hii kama unayepika chai ya rangi, utapata maji yenye harufu tu. Huangqi ni mzizi mgumu kama kipande cha mti. Haitoi kilichomo kwa dakika tano.

Wanaotumia unga badala ya mchemsho huchukua gramu 6 hadi 9 kwa siku, kwa mwezi mmoja au zaidi, wakianza kabla msimu haujashika. Dozi ndogo kwa muda mrefu ndiyo njia waliyoipendelea matabibu wengi wazoefu, na sababu yake inaonekana kwa wanaoikiuka: ukiipandisha ghafla, kifua hubana, tumbo hujaa gesi na hamu ya kula hupungua. Hapo mtu hudhani dawa "inafanya kazi" na kuongeza tena.

Halafu kuna suala la nani. Unga huu ni wa mtu anayepata mafua kila baada ya wiki chache, anayetoka jasho bila kufanya kazi, asiyependa feni wala upepo wa dirishani, mwenye uso uliopauka na ulimi wa rangi hafifu. Mwenye ulimi mwekundu usio na utando, viganja vya moto na jasho la usiku si wake. Wala mwenye utando mzito unaonata ulimini, ambaye tumbo lake limejaa unyevu na uzito. Na kuna kundi ambalo halipaswi kuugusa bila ruhusa ya daktari wake wa hospitali: waliopandikizwa figo au kiungo kingine na wanaotumia dawa za kushusha kinga kama cyclosporine au tacrolimus, wenye magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe, wanaotumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda), na wajawazito. Kwa aliyepandikizwa figo, dawa inayoamsha kinga ni hatari ya moja kwa moja, hata ikiwa ni ya mitishamba.

Sasa fikiria mtu aliyekuwa akiinywa vizuri, halafu Jumanne jioni akahisi baridi mgongoni, shingo ikakaza, pua ikaanza kuwasha. Hapo anaacha. Wachina wana usemi kwa anayeendelea: amefunga mlango mwizi akiwa ndani. Huangqi inayokaza ngozi ilikuwa nzuri wakati ugonjwa uko nje. Ukishaingia, njia yake ya kutokea ni hiyohiyo ngozi. Nadharia ya upepo na ngozi unaweza kuikubali au kuikataa, lakini kanuni ya matumizi ni wazi na ya zamani, na karibu kila pakiti inayouzwa kwa wasiojua Kichina huiacha.

Baada ya hapo zinakuja saa za kwanza, na humu ndimo tiba hii ilimo tajiri kuliko kwingine.

Zhang Zhongjing, tabibu wa mwisho wa enzi ya Han, aliandika kwamba ukoo wake ulikuwa na watu zaidi ya 200, na kwamba katika miaka isiyofika kumi tangu mwaka 196 theluthi mbili walikufa, saba kati ya kila kumi kwa homa za baridi. Aliyoyaandika baada ya hapo si mashairi. Ni maelekezo ya mtu aliyeona mazishi mengi. Mchemsho wake wa kwanza, guizhi tang, una vitawi vya mdalasini wa Kichina liang 3 (liang ni kipimo cha kale cha uzito), mzizi wa baishao liang 3, tangawizi mbichi liang 3, urukususu (mzizi mtamu, licorice) uliokaangwa liang 2 na kunazi za Kichina 12. Leo liang moja ya maandiko hayo kwa desturi huhesabiwa gramu 3, hivyo hupatikana gramu 9, 9, 9 na 6, na kunazi tatu au nne.

Lakini uzito wa maelekezo yake uko baada ya kikombe. Mgonjwa anywe dawa ikiwa ya moto, akae kidogo, kisha anywe uji mwepesi wa mchele ukiwa moto, bakuli zima, ili kuisaidia dawa. Ajifunike kama saa mbili. Jasho litoke mwili mzima, dogo, la kulowesha ngozi tu. Likitiririka kama maji, ugonjwa hautatoka. Akitoka jasho na kupata nafuu kwa kikombe cha kwanza, aache, asimalize pakiti. Asipotoka jasho, anywe cha pili, kisha cha tatu kwa kufupisha nafasi kati yake, vyote ndani ya nusu siku. Na asile vibichi, vya baridi, vinavyonata, nyama, pombe, wala vyenye harufu kali.

Ukiyasoma maelekezo hayo utaona kwamba uji si nyongeza. Uji hutoa maji, chumvi kidogo ukitiwa, na wanga ambao tumbo la mgonjwa linaweza kuupokea. Joto lake husukuma jasho bila kulazimisha. Ninaamini kwamba kwa mtu mwenye nguvu za wastani, uji, blanketi na usingizi wa usiku mmoja ni sehemu kubwa ya faida ya guizhi tang. Hakuna anayeviuza, ndiyo maana hakuna anayevitangaza.

Hapa kuna funzo kwa wapiga nyungu. Mwaka 2020 na 2021 Tanzania nzima ilijifunika mablanketi juu ya sufuria za majani ya mwarobaini, mchaichai na mkaratusi. Nia ilikuwa ileile, kutoa jasho, lakini kipimo kilikuwa kinyume: jasho la kuchuruzika, mara mbili au tatu kwa siku, kwa wazee na wenye presha pia. Zhang Zhongjing angelikataza. Jasho jingi huondoa maji na chumvi, mapigo ya moyo hupanda, kizunguzungu huja, na mtu aliyekuwa na mafua anabaki na mafua na udhaifu juu yake. Mtoto mwenye homa asifunikwe kabisa ili atoke jasho. Joto lake hupanda upesi, na degedege halisubiri. Mvuke nao huunguza uso na mapaja, hasa ya watoto wanaokaa karibu na sufuria.

Anayetaka kufanya jikoni kilicho karibu na haya, kwa ugonjwa wa aina ya baridi tu, anaweza kutumia tangawizi mbichi gramu 10 hadi 15 pamoja na ganda lake, ikatwe vipande vyembamba, na sehemu nyeupe za vitunguu majani vitatu hadi vitano pamoja na mizizi yake iliyooshwa. Maji nusu lita. Tangawizi ichemke dakika nane hadi kumi, kisha tia vitunguu na uondoe baada ya dakika tatu. Vikikaa sana mafuta yenye harufu, ambayo ndiyo kazi yenyewe, huruka na mvuke. Sukari nyekundu kijiko kimoja. Kunywa moto kikombe kimoja, fuatisha uji, jifunike, lala.

Usitie magome ya mdalasini ukidhani ndiyo guizhi. Guizhi ni kitawi, na huelekea ngozini. Gome la mti uleule hupasha tumbo na kubaki ndani. Isitoshe mdalasini wa Zanzibar kwa kawaida ni wa jamii ya Ceylon, mti mwingine kabisa. Kikombe kimoja cha chai yake hakidhuru. Ila usiseme umekunywa dawa ya Zhang Zhongjing.

Na aina ya baridi hutambuliwa hivi: baridi kali kuliko homa, jasho halitoki au ni kidogo, kamasi nyepesi kama maji, koo linawasha bila kuuma sana, mgonjwa hana kiu, ulimi una utando mweupe mwembamba. Aina ya joto ni kinyume: homa kali kuliko baridi, koo linauma na ni jekundu, kiu, kamasi au makohozi ya njano, ncha ya ulimi nyekundu, utando ukielekea njano. Kuna ya tatu, ya unyevu: kichwa kizito kama kimefungwa, kichefuchefu, kuharisha, mwili mchovu, utando mnene ulimini. Homa ya mafua halisi, ile inayomwangusha mtu ndani ya saa chache kwa nyuzi 39 na maumivu ya mwili mzima, mara nyingi huanza kama baridi na kugeuka joto kabla ya siku ya pili kwisha. Anayeendelea na tangawizi hapo huamka koo likiwa jekundu zaidi, midomo imekauka, pengine pua inatoka damu.

Kwa aina ya joto matabibu wa kusini mwa China walijenga mfumo mwingine kabisa, na tabibu Wu Jutong aliukamilisha mwaka 1798. Mchemsho wake wa yinqiao una maua ya jinyinhua na matunda ya lianqiao kwa viwango sawa, kisha mnanaa, mbegu za niubangzi, mzizi wa jiegeng, urukususu na vingine. Kosa la kawaida ni kuuchemsha kama mizizi ya huangqi. Wu Jutong alisema wazi kwamba harufu ikishatoka kwa nguvu uepuliwe. Dawa za mapafu zinataka wepesi, na zikichemka sana uzito wake hushuka tumboni. Kwa vitendo: loweka dakika 20, chemsha kama dakika kumi, mnanaa utie dakika tatu za mwisho. Hunywewa mara kwa mara, kila saa nne kwa aliyezidiwa na kila saa sita kwa mwenye nafuu, usiku pia. Nusu ya malalamiko kwamba yinqiao "haifanyi kazi" hutokana na kunywewa siku ya tatu, au kunywewa mara mbili kwa siku ikiwa imechemshwa dakika 40.

Banlangen inahitaji onyo lake. Ni mzizi mchungu wa kupoza, unaofaa koo lililowaka kwa siku chache. Wakati wa ugonjwa wa mapafu wa SARS mwaka 2003 Wachina waliugombania madukani, wazima wakaunywa kama kinga. Mwenye tumbo dhaifu akiunywa wiki mbili mfululizo hupata kinyesi laini na baridi ya tumbo, na kwa nadharia ya tiba hii amedhoofisha palepale nguvu ya kujilinda inapotengenezwa.

Kwa msomaji wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, mwongozo unaomfaa unatoka Guangdong kuliko Beijing. Kaskazini ya China mafua hupanda majira ya baridi, hewa kavu, watu wamejifungia ndani. Kusini hupanda pia wakati wa joto na mvua. Karibu na ikweta virusi huzunguka karibu mwaka mzima, vikipanda na kushuka. Ndiyo maana aina ya unyevu, ambayo vitabu vya kaskazini huipitia haraka, huku pwani inastahili nafasi. Dawa yake mashuhuri ni huoxiang zhengqi, nayo huja kwa sura kadhaa zisizolingana. Ile inayoitwa shui ina pombe asilimia 40 hadi 50. Mwislamu ana haki ya kulijua hilo kabla ya kulipa, dereva pia, na mtu yeyote anayetumia metronidazole au baadhi ya antibaiotiki za jamii ya cephalosporin, kwa sababu mchanganyiko huo huweza kuleta uso kuwaka, kutapika na moyo kwenda mbio. Aina iitwayo koufuye haina pombe. Tofauti iko kwenye herufi chache za Kichina ambazo mnunuzi wetu hazisomi, kwa hiyo amuulize muuzaji, na muuzaji akishindwa kujibu aende duka lingine.

Pakiti zinaficha zaidi ya pombe. Chembechembe maarufu za ganmaoling zinazouzwa China, ambazo wengi huziita dawa ya asili, zina paracetamol miligramu 200 katika kila kifuko, pamoja na kafeini na chlorpheniramine, ile ambayo hapa watu huijua kwa jina la Piriton. Vidonge vya yinqiao vyenye vitamini C vina paracetamol na chlorpheniramine pia. Si siri, imeandikwa kwenye pakiti, kwa Kichina. Mtu anakunywa vifuko vitatu kwa siku, anaongeza Panadol mbili kila saa sita kwa sababu "hii ni ya mitishamba na ile ni ya hospitali", anaongeza na dawa ya kikohozi yenye paracetamol, na tayari amevuka gramu 4 ambazo ni mwisho kwa mtu mzima mwenye ini zima. Usingizi unaomshika barabarani nao anaudhania ni mafua.

Lianhua qingwen, iliyovuma wakati wa Uviko, ina vitu 13, na miongoni mwake mahuang na dahuang. Mahuang ni mmea ambamo mkemia wa Kijapani Nagai Nagayoshi alitoa ephedrine mwaka 1885; hupandisha presha na mapigo ya moyo, na Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye mmea huo mwaka 2004. Dahuang huharisha. Kwa kijana mwenye homa kali, choo kigumu na kikohozi, mchanganyiko huo una mantiki yake. Kwa bibi wa miaka 70 mwenye presha anayepewa kama kinga, hauna. Urukususu, uliomo karibu katika kila dawa ya Kichina, ukitumiwa kwa wingi kwa wiki kadhaa hushusha potasiamu na kupandisha presha; anayetumia dawa za kukojoza au dawa ya moyo ya digoxin awe mwangalifu maradufu.

Majina yanayofanana yameua. Huko Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki ya kupunguza unene ilitumia mzizi ulioagizwa kwa jina la fangji. Kilicholetwa kilikuwa mmea wa jamii ya Aristolochia, na wanawake zaidi ya mia moja waliharibika figo, baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Fangji na fangfeng zinatofautiana silabi moja. Anayenunua mizizi kwa kutaja jina la mdomo sokoni anaweka figo zake rehani. Dai jina la kisayansi: fangfeng ni Saposhnikovia divaricata, huangqi ni jamii ya Astragalus, baizhu ni Atractylodes macrocephala. Nusa pia. Jinyinhua au baizhu yenye harufu kali ya kiberiti na weupe usio wa kawaida imefukizwa salfa ili isiote ukungu. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002 na baraza linalosajili watoa huduma. Kuuliza namba ya usajili si kumvunjia mtu heshima.

Na ushahidi? Jaribio linalostahili kutajwa ni la China wakati wa homa ya mafua ya H1N1, lililochapishwa mwaka 2011: wagonjwa 410, mchemsho uliounganisha yinqiao na mwingine wa kale uitwao maxing shigan, ukilinganishwa na oseltamivir (dawa ya hospitali ya homa ya mafua), mchanganyiko wa vyote viwili, na kutopewa kitu. Muda wa homa ulipungua kwa kadiri ya theluthi moja kwa mchemsho na kwa oseltamivir vilevile, na zaidi kidogo vikiwa pamoja. Ni matokeo mazuri kwa ugonjwa mwepesi. Lakini wagonjwa walijua wanachokunywa, hapakuwa na dawa bandia ya kulinganishia, na jaribio lilipima kutibu, halikupima kukinga. Kwa kukinga, tafiti za yupingfeng ni nyingi kwa idadi na dhaifu kwa ubora. Anayesema imethibitishwa kuzuia homa ya mafua anasema asichokuwa nacho. Ninachoweza kuitetea nacho ni kidogo zaidi: kwa mtu wa aina ile niliyoieleza, kwa dozi ndogo, hatari yake ni ndogo na inawezekana ikamsaidia.

Hoja nyingine husikika: kwamba kiungo chenye umbo la nyota, kile cha kwenye chai ya viungo, ni sawa na Tamiflu, ambalo ni jina la biashara la oseltamivir. Ni kweli asidi ya shikimiki inayotumika kutengeneza Tamiflu ilikuwa ikitolewa humo. Lakini kati ya asidi hiyo na dawa kuna hatua nyingi za kiwandani. Chai yake haizuii kirusi. Kuna pia jamaa yake wa Japani wa umbo lilelile ambaye ni sumu na huleta degedege.

Chanjo ndiyo kinga yenye ushahidi ulio imara kuliko yote haya, hata katika miaka ambayo haikulingana vizuri na virusi vya msimu. Hupitiwa upya kila mwaka, kwa hiyo ya mwaka juzi haihesabiki. Kuikataa kwa jina la tiba ya Kichina ni kutoijua historia yake: Wachina walikuwa wakipuliza unga wa magamba ya ndui puani mwa watoto katika karne ya 16, na mfalme Kangxi, aliyeugua ndui utotoni, aliisimamia desturi hiyo ienee katika familia yake na majeshi yake. Kumpa mwili mfano dhaifu wa adui kabla hajaja ni wazo walilolifanyia kazi kabla ya Ulaya.

Mjamzito, mtoto chini ya miaka mitano, mwenye zaidi ya miaka 65, mwenye pumu, kisukari, seli mundu au VVU asikae nyumbani na mchemsho akiwa na homa ya ghafla. Oseltamivir hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48. Na kwa yeyote: kupumua kwa haraka au kwa shida, maumivu ya kifua, midomo ya bluu, kuchanganyikiwa, kutokojoa, au homa iliyoisha kisha ikarudi na kikohozi kibaya zaidi, hiyo mara nyingi ni nimonia imeingia. Ukanda wetu una jambo moja la ziada: malaria huanza kwa baridi na kuumwa viungo vilevile. Kipimo cha damu kitangulie tangawizi.

Homa ikiisha, watu hurudi kwenye huangqi siku hiyohiyo, na hapo pia ni mapema. Ingoje mpaka utando wa ulimi uwe mwembamba, kikohozi kisiwe na makohozi ya njano, na njaa irudi yenyewe. Kwa kawaida siku tano hadi saba. Na njaa hiyo isilazimishwe. Zhang Zhongjing alieleza mgonjwa aliyepona juzi, ambaye jamaa zake wanamsukumia chakula. Jioni anakosa raha na kuhisi joto, nao wanadhani ugonjwa umerudi. Hakumpa dawa. Aliagiza apunguziwe chakula. Katika nyumba zetu, ambako mgonjwa akiinuka tu anachinjiwa kuku, siku mbili za kwanza zipite kwa uji, mtori mwepesi au wali laini na mchuzi usio na mafuta, nusu sahani, mara nne kwa siku, na kuku aje siku ya tatu.